Kwa mpwa wangu anayedhani mazingira ni hoja ya kigeni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Uliniandikia kwamba fikra za kutunza mazingira tumeletewa na wafadhili, na kwamba kabla yao wazee wetu walijua kukata na kuchoma tu. Naomba nikupinge hadharani, kwa kuwa wanaoamini hivyo ni wengi.

Watazame Wasukuma wa Shinyanga. Tangu zamani walitenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa viote bila kuguswa, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea na ng'ombe hawana pengine pa kula. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la jamii. Fikra hiyo ilikuwa na kanuni, mipaka na adhabu, ingawa hakuna aliyeiandika kitabuni.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na fikra yake. Ilifyeka vichaka ili kuangamiza mbung'o, ikahimiza kilimo cha pamba, na ardhi ilipochoka ikawalaumu wafugaji na kuwashurutisha kupunguza mifugo. Katika milima ya Uluguru shuruti ilikuwa ya kuchimba matuta ya ngazi, hadi wakulima wakafanya ghasia mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Nadhani chuki ya watu wetu kwa maofisa wa hifadhi ilianzia huko, wala si katika ujinga.

Tusijidanganye kwamba uhuru ulirekebisha kila kitu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na nyingi zikafa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Fedha za Norway zilisaidia, sikatai. Lakini mradi ulishika kasi wataalamu walipokubali kufufua utaratibu ambao wenyeji waliujua tayari, na kuziachia kaya na vijiji mamlaka juu ya ngitili zao.

Kama unatafuta la kulaumu, lipo: wenye ardhi kubwa ndio walionufaika zaidi, na maskini wasio na ngitili wamebaki kununua kuni na malisho kutoka kwao. Tubishane juu ya hilo.

Mjomba wako