YAH: MALALAMIKO KUHUSU EKZOSI YA PIKIPIKI INAYOWAKA NYEKUNDU NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Nkuhungu,
Dodoma.

Meneja wa Tawi,
Mauzo na Matengenezo ya Pikipiki,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu pikipiki mpya ya porini, injini ya mipigo minne, ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), inayopozwa kwa upepo, ikiwa na dhamana ya miezi 12. Mimi ni mtaalamu wa mifugo wa kujitegemea. Nazunguka vijiji vya Chamwino na Bahi nikichanja kuku na mbuzi, na sanduku la barafu la chanjo nalifunga nyuma ya kiti, upande wa ekzosi. Nalitaja sanduku kwa sababu ndilo lililonileta kwenu mara ya kwanza: mkanda wa nailoni uliolishika uliyeyuka njiani, na kava la plastiki la pembeni likajikunja hadi skrubu ikang'oka na kipande chake.

Jioni hiyo nikitoka Mvumi ndipo nilipoona chanzo. Bomba la ekzosi, pale linapokunja likitoka kwenye injini, lilikuwa jekundu kama kaa la moto, na pikipiki ilikuwa kwenye mwendo. Najua bomba la pikipiki ya aina hii linaweza kuwa jekundu ukiiacha imewaka imesimama muda mrefu bila upepo. Hilo silalamikii. Yangu ilikuwa inatembea. Zaidi ya hapo, nikiachia mafuta mngurumo haukushuka mara moja, ulining'inia juu kisha ukashuka taratibu, na kwenye mteremko ekzosi ilikuwa inapiga milio ya pa-pa-pa. Haya yote yameandikwa kwenye kadi yenu ya kazi, nami ninayo nakala.

Karakana yenu ilinipa majibu matatu kwa nyakati tofauti, na hakuna hata moja lililotokana na kupima kitu.

Kwanza niliambiwa ni jua la Dodoma. Chuma hakianzi kuonekana chekundu hata gizani mpaka kifike kwenye nyuzi 500 hivi za Selsiasi. Jua letu ni kali, lakini halijafika huko, na saa niliyoliona bomba likiwaka jua lilikuwa limeshazama.

Mara ya pili nikaambiwa Dodoma iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini inachemka. Hili ndilo lililoniudhi, kwa sababu linasikika kama utaalamu. Ni kweli mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini hewa ikiwa nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Dar es Salaam itaipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi ingetoka nyeusi, imejaa masizi. Plagi yangu ilitoka nyeupe, kavu, kama imepakwa chokaa. Nyeupe ni dalili ya petroli kidogo na hewa nyingi, yaani kinyume kabisa cha maelezo yenu. Plagi hiyo ilifunguliwa na fundi wenu mbele yangu, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha.

Jibu la tatu lilikuwa ekzosi yenyewe kwamba "imeziba". Nikauziwa mpya kwa shilingi 185,000, kwa maelezo kwamba ekzosi haimo kwenye dhamana. Kabla wiki haijaisha, ile mpya nayo ikawa ya bluu kwenye kona na jioni ikaanza kuwaka. Ekzosi haizalishi moto, ndugu Meneja. Inapokea moto uliotoka kwenye injini.

Nilipokosa msaada nilikwenda kwa fundi wa mtaani, Majengo. Alianza na vali, akakuta nafasi zake ziko ndani ya vipimo vya kitabu cha pikipiki. Akatazama taimingi ya moto (wakati plagi inapotoa cheche), maana moto ukichelewa petroli humalizikia kuungua ndani ya bomba, ikawa sawa. Gasketi ya ekzosi haikuwa na alama ya masizi ya kuvuja. Ndipo akaacha injini ikinguruma taratibu bila kuiongezea mafuta, akachukua dawa ya kusafishia kabureta na kupuliza kidogo kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Alipofika upande wa chini, mngurumo ukabadilika papo hapo. Akaufungua mpira ule. Ukiutazama ni mzima. Ukiukunja kwa dole gumba, ufa unafunguka kama mdomo, kutoka ndani hadi nje. Hewa ilikuwa inaingilia hapo bila kupita kwenye kabureta. Mchanganyiko wenye petroli kidogo huungua polepole, vali ya kutolea moshi inafunguka moto haujaisha, na moto huo unaingia kwenye bomba. Ndiyo hadithi nzima.

Akauzungushia kipande cha tyubu na kuukaza kwa waya. Bomba halijawa jekundu tena. Ila hiyo ni dawa ya muda tu, petroli italila lile tyubu.

Kwa haki niseme kwamba kijana mmoja wa karakana yenu alitaka kufanya kipimo hikihiki cha kupuliza dawa. Msimamizi akamwita akaoshe pikipiki nyingine.

Niliporudi na picha za ufa huo mkononi, mkaniambia dhamana imekufa kwa kuwa pikipiki imefunguliwa na fundi asiye wenu. Tazameni tarehe. Lalamiko langu liko kwenye kadi yenu kabla fundi wa Majengo hajaigusa, na dalili ni zilezile. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo muuzaji aliambiwa inanunuliwa. Mimi niliwaambia siku ya kununua kwamba ni ya vijijini, na ninyi ndio mlionichagulia hii.

Nadai mnirudishie shilingi 185,000 za ekzosi ambayo haikuwa tatizo, mnifungie mpira mpya halisi na kibano chake, na kava la pembeni. Pia mpime kompresheni (mgandamizo wa ndani ya injini) na kukagua vali ya kutolea moshi kwa gharama zenu, kwa kuwa imefanya kazi kwenye joto hilo muda mrefu na vali ikiungua itaonekana baadaye, dhamana ikiwa imekwisha. Na mniandikie kwamba dhamana yangu ipo hai.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka lalamiko hili pamoja na viambatanisho Tume ya Ushindani.

Plagi nyeupe ninayo, haijafutwa tena. Mpira wenye ufa uko kwenye pikipiki chini ya tyubu. Mtakapoubadilisha, nauhitaji mkononi mwangu, usitupwe.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa pikipiki tajwa

Viambatanisho: nakala ya risiti ya ununuzi, nakala ya kadi ya kazi, risiti ya ekzosi, picha za plagi, mpira na bomba.