Usimfiche daktari wa usingizi mafua yako

Mhariri,

Mgonjwa wa sainasi, yaani mwenye uvimbe kwenye vishimo vya hewa vilivyo karibu na pua, amezoea pua iliyoziba. Akiulizwa asubuhi ya upasuaji na daktari wa usingizi, yule anayemlaza kwa dawa, kama ana mafua, hujibu kuwa hiyo ndiyo hali yake ya siku zote. Wengine wanajua fika kuwa wiki iliyopita walikuwa na homa, ila wanahofia kupoteza tarehe waliyoisubiri kwa miezi, nauli ya kutoka mkoani na kibali cha bima. Hofu hiyo ni ya haki. Kuficha ndiko kunakohatarisha maisha.

Virusi vya mafua huiacha njia ya hewa ikiwa nyepesi kushtuka kwa wiki 2 hadi 6, hata kamasi zikishakauka. Mpira wa kupumulia unapoingizwa au kutolewa, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, inaweza kujifunga ghafla, au mirija ya mapafu ikabana. Kwenye upasuaji wa sainasi kuna pia damu inayoshuka nyuma ya pua hadi kooni, nayo ikigusa nyuzi za sauti inaweza kuanzisha mbano huo. Watoto, wavutaji sigara na wenye pumu wako hatarini zaidi.

Tena utando uliovimba huvuja damu upesi. Daktari anatumia kamera nyembamba, jicho likiwa pembeni na ubongo juu, na kinachovitenga ni mfupa mwembamba kama karatasi. Damu ikifunika lenzi, haoni mpaka huo.

Kwa mtu mzima, mafua yaliyoishia puani bila homa mara nyingi huhitaji kusubiri wiki 2 kabla ya upasuaji. Yakishuka kifuani, kwa makohozi au kubanwa pumzi, ni wiki 4 hadi 6. Kuhusu UVIKO-19, utafiti wa kimataifa uitwao COVIDSurg wa 2021, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 140,000 katika nchi 116, uliona vifo vikiwa juu kwa waliopasuliwa kabla ya wiki 7 kupita tangu wagundulike kuambukizwa. Wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Leo aliyepona vizuri anaweza kupangiwa mapema zaidi, baada ya kupimwa na daktari wake.

Wakati wa kusubiri, mwenye pumu asiache dawa ya kuvuta, na mtu asimeze aspirini au diklofenaki kwa uamuzi wake. Maji ya kusafishia pua yachemshwe kwanza, yapoe.

Jicho likivimba, kuona kukififia, shingo ikikakamaa, au mwenye kisukari akipata weusi puani, hapo hakuna kusubiri: aende hospitali saa hiyo hiyo.

Hospitali nazo zimpigie mgonjwa simu siku 3 kabla, kabla hajapanda basi, zimuulize kuhusu homa, kikohozi, makohozi na siku dalili zilipoanza. Anayeahirishwa apewe tarehe mpya papo hapo, asirudishwe mwisho wa foleni. Akijua nafasi yake ipo, atasema ukweli.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji,
Dar es Salaam