Ziara ya Islay: someni kabla ya Alhamisi

Habari zenu wapendwa. Kivuko cha Kennacraig, cha kwenda kisiwa cha Islay, hakimsubiri mtu, kwa hiyo saa moja kamili asubuhi tuwe tumeshapanda basi. Ndiyo, basi. Wazo la kukodi magari nimelikataa: kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni kidogo kuliko sehemu nyingine za Uingereza, mikrogramu 22 kwa mililita 100 za pumzi, na sisi tunakwenda kuonja wiski.

Bowmore, kiwanda cha wiski cha tangu 1779, bado wanaotesha sehemu ya shayiri yao sakafuni na kuigeuza kwa koleo. Hapo msiwe na haraka. Kisha huja moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kukaushia shayiri. Moshi huo ndio unaoipa wiski harufu yake. Mara ya kwanza nilidhani nimepewa dawa ya kidonda! Kwenye mitungi ya shaba ya kukenekea wiski mnaweza kuambiwa mzime simu kwa sababu ya mvuke wa pombe, basi msikilizeni kiongozi. Ghalani mwulizeni habari za “fungu la malaika”, ile asilimia 2 hivi ya wiski inayopotea hewani kila mwaka kutoka kwenye mapipa ya mwaloni.

Vaeni viatu vya kufunika vidole, na kuleni kwanza. Asiyekunywa aniambie leo.