Wachonga vinyago waitwe kwenye mjadala wa tabianchi

Ndugu Mhariri,

Nachangia mjadala wa sanaa ya kisasa na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2018 msanii Olafur Eliasson alipeleka London vipande vya barafu kutoka Greenland, watu wakavigusa vikiyeyuka. Huku kusini mwa Tanzania hatuna barafu, tuna mpingo, mti mgumu wa kuchongea vinyago. Tazama kinyago cha ujamaa cha Kimakonde: watu wamebebana, mguu wa huyu begani kwa yule, wote gogo moja, na wa chini kabisa ndiye aliyeelemewa. Kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei 2024, barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam ikakatika, aliyeelemewa alikuwa mvuvi na mkulima, ambao hawana hata kiwanda kimoja cha kuchafua hewa. Hilo mchongaji wetu analieleza vizuri kuliko semina yoyote.

Naziomba halmashauri za Mtwara na Lindi ziwalipe wachongaji na vijana wachoraji, na kazi zao zisimamishwe sokoni na kwenye mialo ya samaki, wanakopita walioathirika. Magogo yatoke misitu ya vijiji inayovunwa kwa mpango, kama ile ya Kilwa, kwani mpingo huchukua miongo mingi kukomaa.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara