Shahidi wetu tumemzika hajaulizwa hata neno moja

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako, mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo na hili jambo limenikaa kooni.

Mama yangu alifungua shauri la mpaka wa shamba kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Shahidi wetu mkubwa alikuwa mzee mmoja jirani, yeye ndo alikuwepo marehemu baba alipopanda minyaa ya mpakani, anajua ilianzia wapi na ikaishia wapi. Tulimpeleka mjini mara tano. Tunatoka alfajiri, tunamshika mkono apande gari, tunakaa kwenye benchi nje mpaka saa sita, karani anatoka anasema mwenyekiti wa baraza yuko semina, siku nyingine wakili wa upande wa pili anaumwa, siku nyingine faili halionekani, haya chukueni tarehe. Mara ya tano mzee alikuja anatembelea fimbo mbili. Mwezi wa tatu tukamzika. Minyaa nayo imeshang'olewa na mwenzetu wa upande wa pili kaweka fensi, sasa nani atasema mpaka ulikuwa wapi?

Jamani, kusikilizwa mapema sio hisani. Katiba yetu ibara ya 107A inataka mahakama isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, tulioridhia tangu 1984, ibara ya 7 inasema shauri liamuliwe ndani ya muda unaofaa. Mahakama ya Afrika yenyewe iko Arusha na mwaka 2016 ilishasema nchi yetu ilivunja haki hiyo kwenye kesi ya jinai ya Wakenya.

Najua wenyeviti wa mabaraza ni wachache na mafaili ni mengi, na kuna kuahirisha kwa lazima, mtu kafiwa utafanyaje. Ila sababu isomwe mbele yetu na iandikwe kwenye faili. Wazee na wagonjwa ushahidi wao uchukuliwe kwanza kabisa, wao hawana muda wa kusubiri. Na kama mwenyekiti hatakuwepo, basi tutumiwe hata meseji jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa sababu ile nauli ya watu watatu ni hela ya dawa ya shamba.

Makao makuu ya Mahakama yako hapahapa Dodoma, naamini watasoma.

Tarehe nyingine tumepewa mwezi ujao. Mama ana miaka 78, na shahidi aliyebaki ni yeye mwenyewe.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma