Maelezo ya zana zako, na hela za wanachama

South B, Nairobi

Mpendwa Achieng',

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, watoto wamefungua shule, na mama kila siku anauliza utatoka Kisumu lini uje umwone. Nimefurahi kusikia kwamba ule ushirika wa wachuuzi wa soko la Marikiti umekubali kujaribu ajenti wa akili unde, yaani programu inayoamua yenyewe hatua za kuchukua, wa kuwahudumia wanachama, na kwamba wewe ndiwe umekabidhiwa zana zake, zile kazi za programu anazoweza kuziita. Nimeyasoma maelezo ya zana hizo uliyonitumia, yote.

Msimbo wako ni safi. Maelezo ndiyo bado, kwa sababu umeyaandika kana kwamba atakayeyasoma ni mwenzako wa meza ya pili. Huyo akikwama atakugeukia akuulize. Ajenti hana wa kumgeukia. Katika MCP, ile itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na skima ya vigezo (yaani taarifa ambazo zana inahitaji na muundo wake), na kwa hayo ndipo anaamua aite zana ipi na aipe nini. Msimbo wenyewe haoni, wala hakuwepo siku mlipokaa na mhasibu mkakubaliana mambo. Ni kama tunavyoelekezana hapa Nairobi, "shukia pale palipokuwa na ule mti mkubwa": aliyewahi kuuona mti anafika, mgeni anapitishwa hadi mwisho wa njia.

Zana inayonikosesha usingizi ni omba_malipo. Umeandika, "Hutuma ombi la malipo kwa mwanachama," ukaishia hapo. Lakini unajua mwenyewe jinsi M-Pesa inavyokwenda kupitia Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Ukituma ombi la STK, lile linalotokea kwenye simu ya mwanachama likidai PIN, jibu la kwanza lenye 0 linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mwanachama bado hajaweka PIN. Matokeo huja baadaye, kwenye anwani ya seva yenu mliyoitaja ndani ya ombi, na huko ndiko 0 ina maana kwamba amelipa, 1032 kwamba ameghairi, na 1 kwamba salio lake halitoshi. Sasa ajenti ataiona ile 0 ya kwanza, maelezo yako yamenyamaza, naye atamwambia mama muuza nyanya kwamba mchango wake umeingia. Au matokeo yatachelewa, adhani ombi limeshindikana, atume la pili. Mama ataona simu inadai PIN tena, ataiweka kwa kuamini, na hela itakatwa mara mbili. Hiyo ndiyo hela ya kununulia mzigo alfajiri, Achieng'. Hapo siwezi kusema tutarekebisha baadaye.

Mimi ningeandika hivi: "Hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mwanachama. Jibu la zana hii linaonyesha tu kwamba ombi limepokelewa; halithibitishi malipo. Ili kujua kama amelipa, tumia zana ya hali_ya_malipo kwa namba ya ombi iliyorudishwa. Usitume ombi jingine kwa deni lilelile kabla ya kuangalia hali. Usimwambie mwanachama kwamba amelipa kabla hali haijasema AMELIPA." Ni marefu kuliko yako, ndiyo, na najua maelezo ya kila zana hula nafasi kwenye muktadha wa modeli, yaani maandishi inayoweza kuyasoma kwa mara moja. Basi punguza kwingine. Orodha ya matawi inatosha sentensi moja. Panapoguswa pesa usibane maneno.

Hata hivyo maelezo si kufuli. Ajenti anaweza kuyasoma vizuri na bado akakosea, kwa hiyo seva yenyewe ilikatae ombi la pili lenye namba ya kumbukumbu ileile. Hilo lifanye kwanza.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, na wako unasema "Ombi batili." Batili kwa nini? Watu huandika namba za simu kwa 07, kwa 01, kwa +254, na Daraja inataka 254 ikifuatwa na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha. Andika muundo huo kwenye skima, kisha ujumbe uuseme tena: namba ianze na 254, iwe na tarakimu 12. Ajenti akisoma hivyo anajirekebisha palepale. Akisoma "batili" anaanza kubahatisha. Kwenye kiasi vilevile, sema ni shilingi nzima, bila senti.

Saa pia zitakuletea taabu. Ripoti yako inachukua "tarehe" tu. Kama seva inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, malipo yaliyofanywa Nairobi kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yataangukia siku iliyotangulia, na Marikiti ni soko ambalo watu wanafanya biashara kabla jua halijachomoza. Taja kwamba siku inahesabiwa kwa saa za Afrika Mashariki, +03:00, na tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku. Mwanachama akisema "saa mbili asubuhi," maelezo yamweleze ajenti kwamba hapo anamaanisha 08:00.

Halafu unazo tafuta_mwanachama na pata_mwanachama, na maelezo yake yanakaribia kufanana. Mimi mwenyewe sikujua niite ipi. Ama uziunganishe, ama useme wazi kwamba moja hupokea jina na kurudisha orodha, nyingine hupokea namba ya uanachama na kurudisha mtu mmoja.

Ukimaliza, mpe ajenti maelezo hayo peke yake pamoja na maswali halisi ya wanachama, kama yalivyoandikwa, Sheng na yote. Soma kumbukumbu ya alivyoita zana hatua kwa hatua. Anapochagua vibaya, rudi kwenye maelezo ya zana hiyo kabla hujaongeza onyo jingine kwenye maagizo ya jumla anayopewa ajenti. Mfano mmoja wa ombi sahihi mara nyingi husaidia kuliko aya nzima.

Nitumie zile za mikopo nazo, sijaziona. Na tafadhali, omba_malipo isifunguliwe kwa wanachama mpaka hali_ya_malipo iwe tayari. Ushirika wakikuharakisha, waonyeshe barua hii.

Msalimie Baba Odhiambo na watoto.

Rafiki yako,
Zaituni