Mheshimiwa, tuwekee ubao wa saa za maji kupwa na kujaa Ngezi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Micheweni,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa nyumbani Wete, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa. Jumapili tulikuwa watu kumi na tisa, wengi wetu walimu, wake kwa waume, tukitembea kwa miguu kutoka lango la msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi, kisha tufuate pwani kwenda kaskazini mpaka mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Msituni tulichelewa, na sijuti. Chini ya mivule kuna ubaridi unaomfanya mtu anong'one bila kuambiwa. Mwenzetu anayesomesha baiolojia alisimama mbele ya mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni kisiwa hiki tu, akatusomesha nusu saa nzima. Wengine tumezaliwa Pemba, tumezeekea Pemba, na jina la mti huo ndiyo kwanza tunalisikia.

Vumawimbi tulifika saa saba. Tukasali, tukala mikate ya kumimina na pweza, tukaanza pwani saa nane. Hapo ndipo tulipokosea, kwani siku ile ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bamvua huku kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, nasi tukashika njia wakati bahari inarudi kudai chake. Mchanga ukawa mwembamba, mwisho ukatoweka, tukabaki juu ya mawe ya matumbawe yanayokata kama msumeno. Bibi mmoja mtu mzima ilibidi tumbebe. Mzee mvuvi ndiye aliyetuonyesha kijia cha kupandia juu, akatuuliza: "Nyie walimu, mwezi hamkuutazama?"

Hatukuutazama. Wazee wetu wangeona haya kutujua.

Ninaloomba si kubwa. Pale langoni uwekwe ubao wa chaki, uandikwe kila asubuhi: leo maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi. Saa hizo husogea takriban dakika hamsini kila siku, mgeni hawezi kuzikisia, lakini mvuvi yeyote wa pale atazitaja bila kufungua kitabu. Siku za bamvua, watembeao washauriwe waanze pwani asubuhi, msitu wauache wa mwisho. Mivule haijai wala haipwi. Na kile kijia cha mzee kitiwe alama, maana tulipita chini yake mara mbili tusikione.

Tunakusudia kurudi bamvua lijalo, tukianza pwani saa mbili asubuhi. Ukituruhusu, chokaa ya kutilia alama tutakuja nayo wenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Wete